Ganda na Chemba Yake

Risasi ya bunduki ina vitu vinne: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki inayoiwasha baruti, na ganda linalovishika vyote hivyo pamoja. Ukishafyatua, kichwa kimekwenda, baruti imeungua na fataki haina kazi tena. Ganda hubaki, na kwa kawaida ndilo lenye bei kubwa kuliko vile vitatu vingine. Ndiyo maana Wamarekani wamekuwa wakiokota maganda na kuyajaza upya tangu siku za wawindaji wa nyati wa miaka ya 1870, waliofanya kazi hiyo kambini huko nyikani kwa sababu duka la karibu lilikuwa mbali. Leo kazi hiyo hufanyika mezani, gereji au chumba cha chini ya nyumba, na sheria ya shirikisho ya Marekani haimdai leseni anayejaza risasi zake mwenyewe, ila anayetengeneza za kuuza. Kwetu mambo ni tofauti. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, na ile ya Tanzania ya mwaka 2015 zinaweka utengenezaji wa risasi chini ya leseni, kwa hiyo ninayoyasema hapa yana makao yake huko Marekani. Lakini somo lililomo ni la ufundi wa chuma, na ufundi wa chuma hauna mpaka.

Nitashika hatua moja tu ya kazi hiyo, nayo ni kulibana upya ganda lililofyatuliwa ili liingie tena katika bunduki. Hoja yangu ni kwamba ganda lirudishwe nyuma kwa kadiri ya chemba (nafasi linamokaa ganda) ya bunduki itakayolifyatua, wala si kwa kadiri ya kipimo cha kiwandani. Mazoea ya wengi ni kinyume cha hivyo. Kijitabu kinachokuja na kalibu ya kubania husema uikaze kalibu mpaka iguse kishikizo cha ganda, kisha uongeze robo mzunguko, na msomaji hutii akidhani amefikia usahihi. Kumbe alichofikia ni ufupi. Ufupi huo hauonekani kwa macho, risasi inalia kama kawaida, shabaha inapatikana, na gharama yake hujitokeza baada ya kufyatua mara nne au tano, pale ganda linapokatika vipande viwili ndani ya bunduki.

Ili kuelewa linakatikaje, lazima tutazame linavyotendwa katika ile sehemu ndogo ya sekunde. Ganda la .30-06, risasi iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na ambayo bado inapendwa na wawindaji wa huko, lina umbo la chupa: kitako kinene cha shaba ngumu, mwili unaokuwa mwembamba kadiri unavyopanda, bega lenye mteremko, na shingo inayokishika kichwa cha risasi. Halina ukingo uliotokeza wa kulizuia lisizame, kwa hiyo kinacholisimamisha ndani ya chemba ni bega lake. Kati ya bega lililoegemea mbele na komeo la bunduki lililoko nyuma ndimo ganda linamokaa, na kama ganda ni fupi kuliko nafasi hiyo, pana mwanya. Pini inapopiga fataki, inalisukuma ganda zima mbele mpaka bega ligote, na mwanya wote unahamia nyuma, kati ya kitako na komeo. Baruti inawaka. Kanieneo inapanda kuelekea mara 4,000 ya ile ya hewa tunayoivuta. Kuta nyembamba za mbele zinavimba kwanza na kung'ang'ania chuma cha chemba, haziendi mbele wala nyuma. Kitako hakiwezi kuvimba kwa unene wake, lakini kinaweza kusukumwa, nacho husukumwa nyuma hadi kigonge komeo. Sehemu ya mbele imeshikwa na ya nyuma inakwenda, basi shaba iliyoko kati yao inavutika. Mahali inapovutikia ni pale pale kila siku, karibu sentimita moja juu ya kitako, ambapo unene unaishia na wembamba unaanza.

Risasi mpya ya kiwandani hufanya hivyo pia, na hatuna haki ya kukilaumu kiwanda. Chama cha watengenezaji wa silaha na risasi cha Marekani, SAAMI, kilichoundwa mwaka 1926, huweka vipimo vya chini na vya juu kwa chemba na kwa ganda, na katika bunduki za aina hii chemba ndefu inayokubalika huizidi ile fupi kwa takriban milimita 0.25. Kiwanda hakijui risasi yake itaingia bunduki ipi, hivyo hulifanya ganda liwe fupi kiasi cha kuingia katika zote. Kuvutika kwa mara ya kwanza ni kodi ambayo kila ganda hulipa ili lipate umbo la chemba yake. Likishalipa, limekuwa la bunduki hiyo. Shaba ina tabia ya kujirudi kidogo kanieneo inaposhuka, kwa hiyo ganda lililofyatuliwa huwa dogo kuliko chemba kwa unywele tu, kiasi cha kuweza kutolewa. Fundi anayelikuta katika hali hiyo ana kitu cha thamani mkononi, yaani nakala ya ndani ya bunduki yake, iliyochorwa kwa shaba. Akilirudisha bega lote nyuma hadi kipimo cha kiwandani ameifuta nakala hiyo, na atalilipisha ganda kodi ile ile upya, na tena, na tena. Tuseme amelirudisha kwa milimita 0.2 kila mara. Baada ya kufyatua mara tano ukuta mwembamba ule umeombwa utoe milimita nzima ya shaba kutoka katika utepe mwembamba unaozunguka ganda. Hauna akiba hiyo.

Shaba hiyo haipotei, nayo inatupa ushahidi wa pili. Inatambaa mbele, na ganda linarefuka shingoni. Ganda la .30-06 halitakiwi kuzidi milimita 63.35, na likizidi hukatwa hadi kama 63.1. Si jambo la urembo, kwani shingo ndefu kupita kiasi hugota mwisho wa chemba, ikakibana kichwa cha risasi kisiachiwe kwa wakati wake, na kanieneo ikapanda kuliko fundi alivyokusudia. Anayejikuta anakata shingo kila baada ya kufyatua asiishie kunoa kisu chake. Ajiulize hiyo shaba anayoipunguza mbele imetoka wapi. Imetoka nyuma, karibu na kitako, mahali ambapo hakuna mtu atakayeirudishia.

Na hapa ndipo hoja yangu inaposimama kwa uzito wake wote. Ganda la bunduki ni aloi, shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, na aloi hii ikifanyiwa kazi ikiwa baridi huwa ngumu na kushika mkazo ndani yake. Jeshi la Uingereza lilijifunza hilo kwa hasara nchini India, ambako maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe majira ya masika bila kufyatuliwa. Mwaka 1921 wanasayansi watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walieleza chanzo: amonia itokayo katika mkojo wa farasi, pamoja na unyevu, ilikuwa ikiishambulia shaba iliyokuwa tayari na mkazo wa kubanwa na kuvutwa kiwandani. Dawa ikawa kuipasha moto shaba kiasi cha kuutoa mkazo, na kuiepusha na amonia. (Hadi leo asafishaye maganda kwa sabuni yenye amonia anacheza na mpasuko ule ule.) Mafundi wa nyumbani huitumia dawa hiyo kwa shingo na bega: huzipitisha kwenye ndimi za moto wa gesi kwa sekunde chache, zikalainika, zikawa kama zimezaliwa upya. Lakini kitako hakipashwi moto hata siku moja. Ugumu wake ndio unaoizuia gesi ya baruti isimrudie mpigaji, na kitako kilicholainishwa ni hatari kubwa kuliko ganda lililochoka. Kwa maneno mengine, makosa yanayofanyika shingoni yana tiba, na makosa yanayofanyika karibu na kitako hayana. Kulirudisha bega nyuma kupita kiasi ni kosa lenye madhara upande usio na tiba, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tukiache kile kijitabu na kuchukua kipimo.

Historia inayo mfano mkubwa zaidi wa jambo hili katika bunduki ya Lee-Enfield ya kaliba .303, ile iliyobebwa na askari wa King's African Rifles katika vita viwili vikuu na ambayo wazee wa Kenya bado wanaikumbuka kwa toleo lake la Namba 4 (No. 4). Ganda la .303 lina ukingo, na ukingo ndio unaolisimamisha, si bega. Chemba za bunduki hizo zilichongwa kwa ukarimu ili risasi yenye tope iingie bila kugoma, kwa hiyo ganda likifyatuliwa bega lake huruka mbele kiasi kinachoonekana hata bila kupima. Isitoshe, komeo la Lee-Enfield hufungwa kwa nyuma, nayo bunduki yenyewe hunyumbuka kidogo inapolia. Wajazaji wa risasi wa Marekani, Kanada na Uingereza walionunua bunduki hizi kwa bei ya mabaki ya vita walilibana ganda hadi mwisho wa kalibu, wakaona maganda yakikatika upesi, na wengi wakailaumu shaba. Wengine wakabadilisha kichwa cha komeo wakaweka kirefu zaidi, maana toleo hilo la No. 4 lilitengenezewa vichwa vya namba 0 hadi 3. Lakini walioacha bega likae lilipokwenda, wakabana kadiri ya kuliwezesha ganda kuingia tu, waliyatumia maganda ya aina ile ile mara nyingi zaidi. Bunduki haikubadilika wala shaba haikubadilika, isipokuwa kadiri ya kubana.

Sasa kuna pingamizi, na baadhi yake ni ya watu wanaoijua kazi. La kwanza husema kwamba kama kubana kupita kiasi ni kubaya, basi bora usiuguse mwili kabisa, ubane shingo tu. Richard Lee wa Wisconsin aliuza kifaa kidogo cha kugongwa kwa nyundo kilichofanya hivyo hasa, na vizazi vya wawindaji wameanzia hapo. Kwa mara mbili tatu njia hiyo ni njema, kwa sababu ganda limejaa chemba na halina mahali pa kuvutikia. Lakini ganda huvimba kidogo zaidi kila linapofyatuliwa, na inafika siku ganda linaingia kwa kusukumwa, komeo linafungwa kwa nguvu za mkono, na mwindaji anayehitaji risasi ya pili upesi hana nafasi ya kushindana na komeo. Siku hiyo atalazimika kubana mwili na bega, na asiyejua kupima atabana hadi mwisho. Hata washindani wa shabaha za mezani, watu wanaopigania tundu moja kwenye karatasi na ambao zamani walikuwa watetezi wakubwa wa kubana shingo tu, wengi wao sasa hubana ganda zima na kulirudisha bega kwa kipimo kidogo sana. Mimi naona wamefika mahali sahihi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Bunduki inayojipakia yenyewe, kama M1 Garand ya vita vya pili au AR-15 ya leo, hulifunga komeo kwa nguvu ya springi na si kwa mkono unaohisi. Ganda refu kuliko chemba linaweza kulizuia komeo lisifunge kikamilifu, na pini ya Garand haizuiwi na springi, huelea na kuigusa fataki komeo linapojifunga. Risasi kulia kabla komeo halijafungwa ni balaa. Mwenye bunduki kama hiyo ana haki ya kutaka mwanya mkubwa zaidi, na desturi ya wenye uzoefu ni kulirudisha bega karibu milimita 0.1, huku bunduki ya komeo la mkono ikitosheka na 0.025 hadi 0.05. Nakubali kabisa, tena naongeza kwamba mwindaji wa wanyama hatari naye ajipe nafasi. Lakini tazama vizuri: vipimo vyote hivyo vinahesabiwa kuanzia ganda lililotoka katika chemba ya bunduki husika. Mwanya umeongezeka, mahali pa kuanzia kupima hapajabadilika. Hali ni hiyo hiyo kwa risasi ya .375 H&H ya mwaka 1912, iliyokuwa kipenzi cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki. Ganda lake lina mkanda wa shaba kitakoni uliowekwa kulisimamisha, na kwa sababu hiyo wengi hawajali bega lake liko wapi. Lakini mkanda hauzuii kuvutika. Anayejaza upya ganda lenye mkanda hupata maisha marefu akilipima kwa bega, kana kwamba mkanda haupo.

Wengine husema kupima ni ghali na kugumu. Si kweli. Kalipa ya kawaida ya fundi pamoja na kipande chenye tundu kinachokaa katikati ya bega vinatosha. Wapo wanaotumia ganda tupu la bastola ya kaliba .40, mdomo wake ukivishwa juu ya bega la .30-06, na kupima jumla ya urefu. Namba yenyewe haina maana popote pengine. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya ganda kabla na baada ya kubanwa. Asiye na kalipa kabisa ana bunduki yake. Avue pini na kipande kinachorusha ganda kutoka kwenye komeo, ili komeo lisiwe na springi yoyote ya kumdanganya. Aingize ganda lililofyatuliwa mara kadhaa, ahisi mpini wa komeo unavyokataa kushuka. Kisha alipake ganda mafuta, alibane huku kalibu imelegezwa, alijaribu tena, aikaze kalibu kidogo mno, alijaribu tena. Mwanzoni ataona ajabu moja: ganda linaanza kukataa zaidi kuliko kabla hajalibana. Hiyo ni kwa sababu kalibu huanza kwa kuuminya mwili, na mwili ulioshinikizwa pembeni hulisukuma bega mbele. Asikate tamaa wala asiruke robo mzunguko. Aendelee kidogo kidogo mpaka mpini uanze kushuka kwa uzito wake na kusita kidogo tu mwishoni. Hapo aifunge nati ya kalibu. Ameipata chemba yake.

Neno kuhusu mafuta, kwa sababu yanaharibu vipimo kuliko watu wanavyodhani. Yakiwa haba, ganda hukwama katika kalibu na kung'oka ukingo, likatolewa kwa kutobolewa. Yakiwa mengi, hayana pa kwenda, hujikusanya begani na kulibonyeza. Lanolini iliyoyeyushwa katika spiriti na kuachwa ikauke hutanda nyembamba na sawasawa, nayo huifanya nguvu ya mkono iwe ile ile kwa kila ganda, na nguvu ikiwa sawa bega nalo huishia mahali pamoja. Asiyepata vipimo vinavyolingana aanze kuchunguza hapo kabla hajaituhumu mashine.

Pingamizi la mwisho ni la mtu mwenye bunduki mbili za kaliba moja, na jibu lake ni fupi: atenge maboksi, au abane yote kwa kadiri ya chemba iliyo fupi na akubali kwamba ile ndefu itayachosha mapema. Na anayesema shaba ni rahisi, atupe anunue mapya, akumbuke mwaka 2020 na 2021, rafu za maduka ya Marekani zilipokaa tupu na ganda likawa kitu cha kutafutwa kwa tochi. Tena hapa hatuhesabu fedha tu. Ganda likikatika gesi hupenya nyuma, na nusu yake ya mbele hubaki imekwama chembani.

Kwa hiyo, mwenye maganda ambayo historia yake haijui, au aliyekuwa akiyabana hadi mwisho, asianze kwa kujaza. Anyooshe waya mwembamba, aukunje ncha yake ndogo pembe mraba, auingize ndani ya ganda likiwa tupu, na aukwaruze polepole kutoka kitako kwenda juu. Ukuta mzima ni laini na hupanda bila kusita. Ukuta uliovutika una bonde, na ncha ya waya hutumbukia humo. Nje, mahali hapo hapo, mara nyingi kuna pete inayong'aa kuliko shaba iliyobaki. Ganda lenye bonde hilo halibanwi tena wala haligawiwi mtu: mdomo wake uminywe kwa koleo lisije likajazwa kwa bahati mbaya, liende kwenye ndoo ya chuma chakavu, na yote yaliyokuwa nalo katika boksi moja yakaguliwe kwa waya huo huo, moja baada ya jingine.